Grandma Moses hakuanza akiwa na miaka 78: jibu kwa mwalimu mstaafu anayechora milima

"Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Lushoto, nina miaka 66. Maisha yangu yote nimedarizi vitambaa vya meza na vya makochi, lakini siku hizi vidole vinaniuma na sindano imenishinda. Mjukuu wangu akaniletea rangi na brashi, nikaanza kuchora milima yetu, mashamba ya kabichi, soko siku ya gulio. Sasa ninazo picha 14. Ng'ombe na watu sijui kuwachora vizuri, nawafuatisha kutoka kwenye kalenda na magazeti ya zamani, na binti yangu anasema huo ni udanganyifu. Kuna bwana mwenye duka la vitu vya watalii amekuja kuziona. Anataka kuzichukua zote kwa mkupuo, na ameniletea karatasi nisaini, inayosema nimemwachia 'picha na manufaa yote yatakayotokana nazo, za sasa na zijazo'. Mpwa wangu ananihimiza nisaini. Anasema hata yule bibi wa Marekani, Grandma Moses, hakuwahi kushika brashi mpaka alipofika miaka 78, akaokotwa na tajiri mmoja, akawa maarufu dunia nzima. Je, hadithi hiyo ni ya kweli? Niende kwanza darasani? Na karatasi hii niisaini?"

Shikamoo Mwalimu. Nianze na karatasi, maana ndiyo yenye haraka: usiisaini kwa sasa. Sijaisoma yote, lakini hayo maneno uliyoyanukuu yananitosha kukuomba uiweke kabatini mpaka uonane na mwanasheria. Mnunuzi mwenye nia njema atasubiri wiki mbili tatu.

Nikisoma barua yako naona swali moja limejificha nyuma ya yale matatu. Unajiuliza kama wewe ni mchoraji kweli, au ni bibi aliyebahatika kupata mteja na asipomdaka leo hatampata tena. Hadithi ya Grandma Moses, kwa namna mpwa wako anavyoisimulia, inakusukuma kwenye hilo la pili: kwamba mtu huwa hajui lolote, kisha siku moja anapita tajiri na kumwokota. Ndiyo maana nataka tuipitie hadithi yenyewe taratibu. Nimefundisha uchoraji wa mandhari kwa muda mrefu, na sijui maisha mengine ya mchoraji yanayosimuliwa vibaya kiasi hiki, tena kwa hasara ya watu kama wewe.

Jina lake la kuzaliwa ni Anna Mary Robertson. Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1860 huko Greenwich, jimbo la New York, kwenye mashamba ya karibu na mpaka wa Vermont, mmoja wa watoto kumi. Baba yake alikuwa mkulima aliyependa kuchora. Alikuwa akiwanunulia watoto karatasi nyeupe kwa senti moja moja, kwa kuwa karatasi ilidumu kuliko peremende, na binti yake akizipaka rangi kwa maji ya zabibu na ya matunda mengine. Kwa hiyo alianza kuchora mandhari akiwa mtoto. Kilichomkatisha ni kazi. Alipofika miaka 12 alipelekwa kuwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba za watu wenye uwezo, na kazi hiyo ya kupika, kufua na kushona aliifanya kwa takriban miaka 15.

Mwaka 1887 aliolewa na Thomas Salmon Moses, kijana aliyekuwa kibarua wa shamba. Walihamia Virginia, katika bonde la Shenandoah karibu na Staunton, wakalima mashamba ya kukodi. Anna Mary alitengeneza siagi ya kuuza, kisha akakaanga viazi vyembamba na kuviuza pia. Alizaa mara kumi, na watoto watano tu ndio waliovuka uchanga. Mwaka 1905 familia ilirudi kaskazini, ikanunua shamba Eagle Bridge, New York, si mbali na alikozaliwa.

Huko ndiko ilikotokea picha ambayo wasimulizi wengi huiruka. Mwaka 1918 alikuwa akibandika karatasi za ukutani sebuleni, karatasi zikamwishia kabla hajafika kwenye ubao wa kuzibia meko. Akachukua rangi na brashi kubwa, akachora pale miti na maji yanayong'aa nyuma yake. Alikuwa na miaka 58, na picha hiyo ipo hadi leo. Mumewe alifariki mwaka 1927. Miaka michache baadaye alikwenda Bennington, Vermont, kumuuguza binti yake aliyekuwa na kifua kikuu, na binti huyo ndiye aliyemwomba amtengenezee picha ya kudarizi kwa nyuzi za sufu. Akatengeneza moja, kisha nyingine nyingi, zote za mandhari: vijumba, vijito, madaraja, milima. Maumivu ya viungo yalipoifanya sindano kuwa mateso, dada yake Celestia alimshauri ahamie kwenye rangi, kwa kuwa brashi ni rahisi kushika.

Basi huo umri wa miaka 78 wanaoutaja ndio aliokuwa nao watu wa mjini walipomwona. Yeye alikuwa ameshachora kwa miaka kadhaa, amedarizi mandhari kwa muda, na ametazama bonde lile lile tangu utotoni.

Mwalimu, hapa pana jambo ambalo nadhani hakuna aliyekueleza, nami nalitilia uzito kuliko yote: kudarizi kulimfundisha kuchora. Uzi hauchanganywi kama rangi. Ukitaka kijani cha majani ya mbali huwezi kuuyeyusha uzi wa manjano ndani ya uzi wa buluu. Unaweka huu hapa, ule ubavuni mwake, na jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya. Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka mingi, akipewa rangi, hatapaka mlima mzima kwa kijani kimoja kutoka kwenye chupa. Ataweka kijani cha manjano, pembeni kijani cheusi, katikati doa la kahawia, na mlima utaonekana hai. Kwenye picha nzuri za Moses ukikaribia sana utaona madoa madogo yaliyokaa kando kando. Ukirudi nyuma hatua tatu yanakuwa bonde zima lenye unyevu na hewa. Wanafunzi wa vyuo huhangaika sana mpaka wapate jicho hilo. Wewe, uliyechagua nyuzi za maua ya vitambaa miaka yote hiyo, unalo tayari. Chukua kitambaa chako kizuri kuliko vyote, kiweke karibu na picha zako, utazame umepanga vipi kijani cha majani pale na umepanga vipi kijani cha mlima huku. Ninashuku picha zako bora ni zile ulizopaka kama mdarizi.

Namna yake ya kufanya kazi inafaa kuijua kwa undani, maana ni ya mtu mwenye nyumba na mikono inayouma, na haihitaji studio. Alianza na fremu. Alikuwa na fremu za zamani, akakata ubao kuufuata ukubwa wake. Ubao wenyewe ulikuwa hadibodi, aina ile ile ya ubao mgumu ambayo Edward Tingatinga aliitumia Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960. Kwanza aliupaka mafuta ya kitani, kisha rangi nyeupe isiyong'aa mara tatu. Weupe huo una kazi: mwanga hupita kwenye rangi nyembamba ya juu, hugonga weupe wa chini na kurudi machoni. Ukipaka moja kwa moja juu ya ubao wa kahawia, ubao hunywa mwanga na picha hufifia mwaka hadi mwaka. Kama picha zako umezipaka kwenye ubao mtupu, zijazo zianze na weupe.

Kisha alichora kutoka juu kwenda chini: anga kwanza, milima ya mbali, vilima vya karibu, miti, nyumba, mifugo, na watu mwisho kabisa. Wengine huona mpangilio huo wa kitoto. Kwangu mimi ni mpangilio wa mtu anayeelewa mandhari. Kilicho mbele humfunika kilicho nyuma, kwa hiyo ukitangulia na cha nyuma, kila kitu kinakaa mahali pake bila kupapasa pembeni mwa nyumba kutafuta pa kupenyeza mlima. Tena anga ndiyo inayoamua rangi ya kila kilicho chini yake. Milima ya mbali huonekana ya buluu na hafifu kwa sababu kati yako na mlima pana hewa yenye mvuke na vumbi, na hewa hiyo hutawanya mwanga. Kadiri mlima unavyokuwa mbali ndivyo unavyochukua rangi ya anga. Kwenu Lushoto, ukungu wa asubuhi ukipanda kutoka mabondeni, jambo hili unaliona kwa macho kuliko mtu wa nchi tambarare. Moses hakusoma popote habari hiyo. Aliiona dirishani.

Mstari wa upeo aliuweka juu sana, ili ardhi ipate nafasi kubwa na mambo mengi yatokee kwa wakati mmoja: huyu anaanika nguo, wale wanakimbia mvua, gari la farasi linavuka daraja. Majira ya mwisho wa baridi alipenda kuchora watu wakikusanya utomvu mtamu wa miti ya mepo na kuuchemsha nje kwenye masufuria makubwa mpaka uwe sukari. Kwenye theluji alinyunyizia unga unaometa, akishikilia kwamba theluji ya jua inameta kweli. Alifanya kazi mezani, ubao umelala, yeye ameketi, na mara nyingi picha kadhaa kwa pamoja: akishika rangi ya anga, anapaka anga za picha zote, kisha anaendelea chini. Rangi haikupotea, na mkono haukubadilisha kazi kila dakika.

Sasa la binti yako na kalenda. Mwambie kwa upole kwamba Grandma Moses alikuwa na hazina ya vipande alivyokata kwenye magazeti, kadi na picha za kuchapishwa, akavitunza, na akifika kwenye watu na wanyama akachagua kimoja, akafuatisha umbo lake, akalisogeza huku na huku mpaka lipate mahali. Picha zake za mwanzo zilifuata kwa karibu zaidi picha zilizochapishwa. Kadiri alivyokomaa, mandhari yakawa yake kabisa, na vipande vikabaki kuwa msaada wa mkao: mguu wa farasi anayekimbia, mgongo wa mwanamke aliyeinama. Hapo hakuna udanganyifu. Lakini binti yako ana nusu ya haki, na nusu hiyo usiipuuze. Ukichukua picha nzima ya kalenda, milima na watu kama walivyo, ukaipaka na kuiuza kwa jina lako, umeichukua kazi ya mpiga picha fulani, naye ana haki zake kisheria. Kumtazama ng'ombe wa kalenda ili ujue miguu ya nyuma inavyokunja ni jambo jingine. Kati ya picha zako 14, zitenge zile ulizonakili nzima, ikiwa zipo, na usiziuze. Nyingine ni zako.

Tuje kwa huyo "tajiri aliyemwokota". Aliitwa Louis Caldor, na hakuwa tajiri. Alikuwa mhandisi mwajiriwa wa jiji la New York, mpenzi wa sanaa aliyekusanya vitu siku za likizo. Mwaka 1938 alipita Hoosick Falls akaona picha za Moses kwenye dirisha la duka la dawa, zimekaa tu. Ndogo ziliuzwa dola 3, kubwa kidogo dola 5. Akazinunua zilizokuwapo, akauliza zimetoka wapi, akaenda hadi nyumbani. Anna Mary hakuwapo, na mkwewe akamwambia mgeni kwamba kesho atazikuta kumi. Bibi aliporudi na kuhesabu alipata tisa. Akaichukua moja kubwa, akaikata vipande viwili, zikawa kumi. Miaka ya karibu na hapo alikuwa amepeleka picha zake pamoja na matunda ya kuhifadhi na jamu kwenye maonyesho ya wilaya. Jamu ilipata tuzo, picha hazikupata kitu.

Kilichofuata si muujiza wa siku moja. Caldor alizunguka na picha zile kwenye majumba ya sanaa ya New York, na wengi walimkatalia. Baadhi walizipenda, lakini waliposikia umri wa mchoraji wakarudi nyuma: kumtangaza msanii kunagharimu pesa na muda, nao hawakuona sababu ya kuwekeza kwa bibi wa karibu miaka 80 ambaye huenda angekufa kabla gharama hazijarudi. Naandika hili waziwazi kwa sababu utakutana nalo. Mwaka 1939 picha zake tatu ziliingia kwenye maonyesho ya wachoraji wasiojulikana katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, lakini yalikuwa maonyesho ya wanachama tu, na hayakubadilisha maisha yake. Aliyeyabadilisha ni Otto Kallir, mfanyabiashara wa sanaa kutoka Vienna aliyekimbia Wanazi na kufungua Galerie St. Etienne mjini New York. Oktoba 1940 alimfanyia maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, kwa jina lenye maana ya "Alichochora mke wa mkulima". Moses hakwenda kuyaona. Alisema picha zenyewe ameshaziona. Mwezi uliofuata alikwenda mjini, picha zilipohamia kwenye duka kubwa la Gimbels kwa sikukuu ya shukrani, akabeba mikate na jamu zake, akawaeleza waliofika jinsi ya kuhifadhi matunda.

Baada ya hapo umaarufu ulikuja kwa kasi. Mwaka 1949 Rais Truman alimkabidhi tuzo ya chama cha wanawake waandishi wa habari, na mwaka 1953 sura yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Aliishi miaka 101, akafariki tarehe 13 Desemba 1961, akiwa ameacha kazi zaidi ya 1,500.

Katika miaka hiyo yote, sehemu ninayotaka uishike ni ya makaratasi. Baada ya vita picha zake zilianza kuchapishwa kwenye kadi za Krismasi, na tangu mwaka 1947 kampuni ya Hallmark ilizichapisha kwa wingi mno. Baadaye zikawa kwenye mapazia, sahani na vitambaa. Mandhari ya bonde lile iliingia kwenye nyumba za watu wasioweza kununua hata fremu ya picha halisi. Fikiria angekuwa amesaini mwaka 1938 karatasi kama yako, akimwachia mnunuzi wa kwanza "manufaa yote yatakayotokana" na picha za dola 3! Kallir alisimamia hakimiliki, akahakikisha anayetaka kuchapisha analipa, na mwaka 1950 ikaundwa kampuni maalumu ya kusimamia mali hiyo. Picha nazo zilipewa namba na kuandikwa kwenye daftari, kila moja na jina na tarehe, hivyo ya kughushi ikitokea ingejulikana. Moses alikuwa na kipaji na alikuwa na bidii, lakini kilichomlinda ni daftari na mkataba.

Watu huchanganya mambo mawili. Picha iliyo ukutani ni kitu. Haki ya kuinakili ni mali nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mchoraji haki hiyo tangu anapoumba kazi, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, yaani inarithiwa na watoto na wajukuu. Ukimuuzia mtu picha, anaondoka na ubao. Haki ya kuitoa kwenye fulana, kanga, kadi au kikombe inabaki kwako, isipokuwa umeiandika na kuisaini kwamba umempa. Karatasi uliyoletewa inaelekea kufanya hivyo hasa. Na yale maneno "za sasa na zijazo" yananitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hayasemi kama ni manufaa yajayo ya picha hizi 14, au ni picha utakazochora mwakani na mwaka unaofuata. Maneno yenye milango miwili humpa aliyeyaandika nafasi ya kuyavuta upande wake.

Huenda bwana huyo hana nia mbaya hata kidogo. Wenye maduka wengi huchukua karatasi ya mtu mwingine na kuinakili bila kuielewa. Kwa hiyo usimfukuze. Mwambie unafurahi amezipenda, na una njia kadhaa za kufanya naye biashara. Ya kwanza ni kumuuzia baadhi, tuseme tano au sita, kwa fedha taslimu na stakabadhi yenye jina la kila picha, ukubwa, bei, na sentensi moja kwamba haki ya kunakili inabaki kwa mchoraji. Hiyo ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu unapata pesa leo, unaona kama kweli zinauzika dukani kwake, na hujafunga mlango. Ya pili ni kumwachia auze kwa niaba yako na kuchukua fungu lake. Inaweza kukuletea zaidi, ila pesa huchelewa, na picha zikiharibika au zikipotea mnagombana, kwa hiyo ifanye tu kama mmeandikiana. Kama anataka kuchapisha kadi, hayo ni mazungumzo ya karatasi nyingine: picha ipi, kitu gani, nakala ngapi, kwa muda gani, na wewe unalipwa nini kwa kila nakala. Kuuza zote kwa mkupuo pamoja na haki zake kunafaa tu kama una shida ya pesa isiyosubiri, na hata hapo bei iwe juu mara nyingi kuliko ya ubao mtupu.

Kabla picha hata moja haijatoka nyumbani, mwombe mjukuu azipige picha zote mchana, kivulini, bila mwako wa simu. Nyuma ya kila ubao andika jina lako, jina la picha, mahali na mwaka, kisha uyaandike hayo hayo kwenye daftari. Halafu nenda na karatasi ya yule bwana kwa wakili, au kwenye kituo cha msaada wa kisheria kama ada ni kikwazo, na uulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, utaratibu wa kusajili kazi zako. Haya usiyafanye kwa simu wala kwa kutegemea maneno yangu peke yake. Mtu aisome karatasi yote akiwa ameishika mkononi.

Kuhusu darasa, watu hupenda kusema Moses alifaulu kwa sababu hakusoma. Sikubaliani nao. Alifaulu licha ya hilo, na alikuwa na shule nyingine ndefu ya sindano na ya kutazama. Kwa upande wako, kama utapata mtu wa kukufundisha namna ya kuandaa ubao, rangi zipi hupauka juani, na jinsi ya kupaka vanishi ya kuzuia vumbi, nenda bila kusita. Kama mwalimu anataka kwanza akunyooshee barabara zako na kuwapunguza wanakijiji wako ili picha "ipumue", mshukuru na urudi nyumbani. Ujifunze pia kuchora watu kidogo kidogo kwa kumtazama mtu halisi: mjukuu akimenya viazi, jirani akipanga kabichi. Michoro ya penseli ya dakika tano tano itakupunguzia haja ya kalenda mapema kuliko unavyodhani.

Mikono yako isikae mwisho wa foleni. Mimi si daktari, na maumivu ya vidole yana sababu nyingi. Ikiwa asubuhi vidole vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, vimevimba, vina joto, au maumivu yapo mikono yote miwili, nenda hospitali upimwe, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya viungo hutibika vizuri yakiwahiwa na hulemaza yakicheleweshwa. Wakati wa kuchora, nenepesha mpini wa brashi kwa kuuzungushia kitambaa au mpira ili usiubane sana, weka ubao mezani kama alivyofanya Moses, na pumzika kabla maumivu hayajaanza. Yeye mkono wa kulia ukimuuma alihamia wa kushoto. Rangi zako, kama zinaoshwa kwa maji, hazina tabu; kama ni za mafuta na unatumia tapentaini, fungua madirisha na usiziweke karibu na jiko.

Wala sitaki uchore ukimsubiri Caldor wako. Kwa kila Moses aliyeonekana walikuwapo wanawake wengi wa mashambani waliochora vizuri ambao picha zao ziliishia darini au motoni, na umri haukuwa kosa lao. Hata ile picha yake iitwayo Sugaring Off, ya mwaka 1943, iliyouzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, iliuzwa yeye akiwa kaburini miongo mingi. Pesa ya kutegemea ni ile ya stakabadhi ya mwezi huu.

Kabla bwana wa duka hajarudi, chagua picha tatu au nne ambazo hutaziuza kwa bei yoyote, na mojawapo iwe ile ya kwanza kabisa uliyoichora, hata kama unaiona mbaya. Nitafurahi ukinitumia picha za zilizobaki pamoja na bei anayoitaja. Nitakuambia kama naiona ya haki, na ipi ningeitanguliza kwake.